Ufa Nilioupaka Rangi

Mariamu mwanangu,

Salamu za kawaida utazipata kesho kwa mdomo, mbele ya watu, pale kwenye basi la Kigali. Hapa nataka kuandika yale ambayo mdomo wangu umekataa kuyasema, nao ni mdomo unaosema sana, wewe mwenyewe unaujua. Umepanda Kanama kumuaga bibi yako mzaa mama, na jinsi ninavyomfahamu hatakuachia kabla hujala viazi vyake na maharage yake mpaka mshipi ukaze. Kwa hiyo nina mchana wote. Nimefunga karakana, nimekaa kwenye meza ya plastiki karibu na mlango, na mama yako yuko chumbani anakunja nguo zako.

Mambo ya kula, kulala, kusali, kuchagua marafiki na kufunga mlango sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia yote, na mengine ameyarudia hata paka wetu sasa anaweza kwenda Kigali asipotee. Mimi nina jambo moja tu. Ni la ule mtungi wa hewa uliopasuka na kumkata Bosco mguu. Hukuupasua wewe. Ulikuwa umeharibika kabla hujaugusa, niliyeuharibu ni mimi, na nimelijua hilo tangu siku ile ile.

Nimeandika. Sasa ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana ukweli wa mstari mmoja hautakutosha. Mtu aliyedanganywa muda mrefu ana haki ya kuonyeshwa uongo ulianzia wapi na ulipitia wapi.

Kabla hujazaliwa nilikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari na kuzipaka rangi. Magari yalikuja kwangu kutoka Goma yamebondeka kwa zile barabara za mawe ya volkano, mengine hata mlango haufungi. Nilinyoosha kwa nyundo, nikajaza mabonde kwa mastiki, ule udongo unaokauka ukawa mgumu kama jiwe, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Mwenye gari akija, nilimwambia, "Bon, tafuta ilibondeka wapi." Anapapasa, anapapasa, haoni. Hapo anacheka na mimi nacheka, na jioni nzima natembea mjini kama harusi ni yangu. Nilipenda sifa hiyo kuliko chakula.

Na unajua desturi yetu ya hapa Gisenyi, mpakani: kitu kilichotumika hakiuzwi uchi. Friji, kitanda cha chuma, baiskeli, hata jiko, kwanza kinapakwa rangi ndipo kinapelekwa sokoni. Mnunuzi anajua ni cha zamani, muuzaji anajua kwamba anajua, lakini rangi mpya ni heshima. Mtu akileta kitu chenye mikwaruzo yake wazi tunamwona amekosa adabu. Mimi nimelelewa hivyo, na sikuwahi kukaa nikajiuliza kama kuna kitu ambacho rangi inaweza kukigeuza kuwa jeneza.

Baadaye zikaja zile kazi za kufuga samaki kwenye vizimba ziwani. Wakahitajika wazamiaji wa kushuka kushona nyavu na kutoa samaki waliokufa, na wazamiaji wanahitaji hewa. Nikanunua kompresa kubwa na kuanza kujaza mitungi. Ile ya mwanzo ilikuwa ya chuma, mizito, nami nilikuwa nimezoea chuma tangu siku za kulehemu. Mtungi wa chuma tuliubingirisha chini kama pipa la mafuta. Ukianguka, unatazama pale ulipopigwa: kama pamebonyea, panaonekana. Chuma kikiumia kinakuonyesha jeraha lake. Nilidhani ndivyo vitu vyote vilivyo.

Bosco ndiye aliyenitia hamu ya mingine. Unamkumbuka wakati ule, kabla ya mguu: kifua kipana, sauti ya kuita watu toka ng'ambo, mzamiaji ambaye wenzake walimpa kazi za kina kirefu. Alikuja na mtungi begani akautupa pale mlangoni.

"Muzee Sadi, hii bombone ya chuma inanivunja mugongo mbele hata sijaingia mu maji. Kule Goma iko ile nyeusi, ya kaboni. Mutu anabeba na mukono moja, sha!"

Nikaenda Goma. Nikampata muuzaji mwenye mitungi mitatu myeusi iliyotoka Ulaya, iliyowahi kuvaliwa na wazima moto. Kila mmoja ulikuwa na karatasi yake iliyogandishwa chini ya gundi, yenye maandishi madogo na miaka: mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kuachishwa kazi. Mwaka wa kuachishwa kazi ulikuwa umepita. Niliuona. Muuzaji akaniambia, "Patron, hii nguvu yake inapita chuma," nami nikaamua kusikia hilo na kutosoma lile.

Niliifunga mitatu nyuma ya moto, zile pikipiki za kubeba abiria. Kabla ya kufika Petite Barrière, kile kizuizi kidogo cha mpakani, pale njia ilipokuwa ya mawe matupu, kamba ikalegea na mmoja ukaanguka. Uligonga ncha ya jiwe, ukaruka, ukagonga tena. Kijana wa moto akasimama.

"Yoo! Patron, imeumia?"

"Kitu ya nguvu kupita chuma itaumia namna gani?" nikamjibu, na tukacheka wote wawili.

Nilipofika nyumbani niliugeuza kwenye mwanga. Palikuwa na mkwaruzo urefu wa kidole, na ndani yake nyuzi zimekatika, zimesimama kama nywele za kichwa kisichochanwa. Sasa sikiliza hili vizuri. Mtungi wa aina hiyo ndani yake kuna ganda jembamba la aluminiamu, ambalo peke yake haliwezi kitu. Nguvu yote iko kwenye zile nyuzi za kaboni zilizozungushwa juu yake na kugandishwa kwa gundi. Ndizo zinazoikumbatia hewa isitoke, na hewa ile inasukuma zaidi ya mara mia ya hewa ya gurudumu la gari. Ukikata nyuzi umekata mikono inayoshika. Na pigo linaweza kuzivunja ndani, huku nje hakuna dalili ila alama ndogo. Wakati ule sikuyajua yote haya. Lakini nilijua kitu kilichokatika ninapokiona, hilo siwezi kulikana.

Nikafanya kazi yangu. Nilikata zile nywele kwa wembe, nikajaza mastiki, nikapiga msasa. Msasa ukafika kwenye ile karatasi yenye miaka, na sikuusimamisha. Nikapaka mitungi yote mitatu rangi ya buluu, mara mbili, mpaka ikang'aa. Ulitoka shule na sare yako ukasimama ukishangaa. "Papa, inaonekana mupya!" Kisha ukauliza, "Na yale maandishi ilikwenda wapi?"

Nikakujibu kwamba maandishi hayavuti pumzi. Watu waliokuwepo wakacheka, nawe ukacheka, ukaenda kubadilisha nguo. Mwanangu, wewe uliuliza swali la fundi na mimi nikakupa jibu la mchekeshaji. Ungekuwa mtu mzima ningelazimika kukujibu. Kwa kuwa ulikuwa mtoto, mzaha ulinitosha, na mara nyingi nimejificha nyuma ya mzaha kwa sababu watu wa mji huu wanapenda kucheka na mimi napenda wanaocheka.

Ule mtungi ulijazwa, ukashuka ziwani, ukarudi, ukajazwa tena. Kila uliporudi salama nilijiona mjanja. Sikujua kwamba kila kujazwa kulikuwa kunazivuta zile nyuzi zilizobaki, na kwamba ule uzima wake ulikuwa deni.

Siku yenyewe unaijua kwa upande wako. Mimi nilikuwa nimevuka barabara kunywa chai. Wewe nilikuwa nimekuachia vali ya kompresa, nyuma ya ule ukuta wa matofali, namshukuru Mungu kwa ukuta ule. Mtungi ulikuwa ndani ya pipa la maji upoe, na Bosco amesimama karibu na pipa kwa sababu wenzake walikuwa tayari kwenye boti wakimpigia kelele. Alikwambia, "Fungua kidogo tena, Mariamu, wananiacha." Ukafungua kidogo. Huo ndio uharaka wako wote.

Mlio sikuusikia kwa masikio, niliusikia kifuani. Nilipofika, mabati ya upande ule yalikuwa yamefunguka, pipa limechanika, maji yanatiririka mpaka barabarani. Bosco alikuwa chini na mguu wake sitauandika. Wewe ulikuwa umekaa umeegemea ukuta, mkono kwenye sikio la kushoto, unaita "Papa, Papa," kwa sauti kubwa mno kwa sababu hukuwa unajisikia.

Tulipokwisha kumpakia Bosco kwenye gari, kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa wetu, akaja na watu nyuma yake. Akauliza, "Nini imefanya hivi?" Wote wakanitazama. Nami, mbele ya watu wale, nikasema, "Mutoto aliharakisha."

Ulikuwa umesimama mlangoni. Ulikuwa na sikio moja tu lakini hilo moja lilinisikia. Ulinitazama kidogo, kisha ukainamisha kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Uliniamini. Hapo ndipo nilipokupotezea kitu kikubwa kuliko sikio.

Nilijiambia mtoto atasamehewa, na mtu mzima mwenye kompresa atafungiwa kazi, labda na mlango wa gereza. Hesabu hiyo niliipiga kwa muda wa kumeza mate. Na ilikuwa sahihi, ndiyo aibu yake: walikusamehe wote. Majirani walileta uji. Shehe alikuombea. Mke wa Bosco alikuja akakushika mikono akasema hana kinyongo na wewe. Ulilia na kumshukuru. Kila aliyekusamehe alikuwa anapigilia msumari mwingine, maana anayepokea msamaha amekubali kosa, nami nilikuwa nimesimama pale nikisema amina.

Jioni ile nilisafisha karakana peke yangu. Nikaokota kipande kikubwa cha mtungi, na kwenye ukingo wake, pale pale mpasuko ulipoanzia, palikuwa na mastiki yangu chini ya rangi yangu. Nilikitupa kwenye shimo la choo. Ile mitungi miwili iliyobaki niliikata kwa msumeno asubuhi yake, na watu wakanisifu kwa uangalifu. "Sadi ni mutu wa busara," walisema. Nilizipokea sifa hizo pia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, Mariamu, na kila siku nilikuona ukiitembea kwa niaba yangu. Bosco alipopata ile baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ya kuvushia mizigo mpakani, wewe ulianza kupita pale kila ukitoka shule, umsukume kwenye mwinuko. Jua, mvua, ulimsukuma. Watu walisema mtoto wa Sadi ana moyo. Mimi nilijua ulikuwa unalipa. Siku moja nilikukuta pale, jasho linakutoka, magunia ya vitunguu yamekuzidi kimo, na nikageuza njia nikapita nyuma ya msikiti ili nisiwasalimu. Na nyumbani, unapogeuza kichwa unisikie kwa sikio la kulia, huwa naongeza sauti na kuendelea na habari zangu kama si kitu.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka kaburini. Nakwambia hili bila kujipamba: sikuwa na mpango wa kusema. Kilichonivunja ni siku uliyorudi kutoka Kigali, umepata kazi kwenye ile karakana ya kupima mitungi. Ulikuwa na furaha, hata viatu hukuvua.

"Papa, waliniuliza kama nilishaona ajali. Nikawaambia ndiyo, na ni mi niliifanya, nilifungua haraka. Sikuficha kitu. Nikawaambia tangu siku ile ninajua: ukijaza polepole, mtungi hauwezi kukufanya kitu."

Na mimi nikasema, "Vizuri, mwanangu."

Nilipokwisha kusema vizuri, chai ilinikataa. Kwa sababu si vizuri. Kujaza polepole ni adabu ya kazi, inazuia joto, usiiache. Lakini mtungi wenye nyuzi zilizokatika hautazami upole wa mkono wako. Ungefungua polepole kama unayemwagia mtoto maziwa, ungepasuka, kama si siku ile basi nyingine. Uongo wangu ulikuwa umekaa kichwani mwako ukageuka kuwa elimu. Nikakuona kule Kigali, umesimama karibu na mtungi mwingine wa watu uliopakwa rangi nzuri, unafungua taratibu, umetulia, unajiamini, kwa sababu baba yako alikufundisha kwamba hatari ni haraka. Nilikuwa nimekuchukulia jina, sasa nilikuwa karibu kukuchukulia roho.

Jana nikaenda Petite Barrière. Bosco alikuwa kwenye mstari, mzigo umefungwa, anangoja zamu ya kuvuka.

"Bosco, niko na neno."

"Sema mbio, muzee, mustari inasonga."

Nikamwambia yote, nimesimama, watu wanatupita na ndizi na mayai vichwani. Yeye alikuwa anakaza kamba ambayo ilikuwa imekaza tayari.

"Ile bombone ilianguka kule, mbele ya barrière," akasema. "Ule kijana wa moto aliniambia, zamani. Hapa mi najua watu yote ya moto."

"Ulijua? Na ukanyamaza?"

"Mi niseme nini? Kwenda kuambia mutoto ubaya ya baba yake, hiyo haiko kazi yangu. Iko yako. Kila siku anasukuma mi naona haya. Lakini mikono inachoka, muzee. Yeye iko na nguvu. Donc nilinyamaza."

Nikamwomba msamaha. Akatikisa kichwa.

"Mi hapana kwanza. Muguu ilishakwenda. Anza na mutoto, kisha urudi hapa, tutaongea ya mi na we." Mstari ukasogea, akazungusha mikono, akaenda.

Usiku wa jana nilimwambia mama yako. Hakupiga kelele, ningefurahi kama angepiga. Aliniuliza tu, "Na mimi uliniacha nimwambie mtoto atubu?" Tangu hapo ananiwekea chakula mezani na kuondoka bila kunikaribisha. Leo asubuhi nilikwenda kwa kiongozi wa mudugudu nikamweleza kama nilivyokueleza. Amesema ataniita. Akiniita nitakwenda. Kama ni kufunga kompresa nitaifunga, na kama ni zaidi ya hapo, ni haki ya Bosco, usije ukarudi kutoka Kigali kunitetea.

Mficha uchi hazai, walisema wazee, nami nimekuwa nikiwacheka wengine kwa methali hiyo. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba nilikuwa naogopa kitu kidogo. Nilidhani nikisema nitakufa kwa aibu. Nimesema kwa watu watatu na bado ninapumua, vibaya, lakini ninapumua. Ungekuwa na sikio zima kama ningeogopa kidogo zaidi siku ya ule wembe na mastiki, na ungekuwa na utoto wako wote kama ningeogopa pungufu kidogo mbele ya wale majirani. Kosa la kwanza lilikuwa la fundi, na kwa hilo ninaona haya. Kwa la pili sina hata neno, kwa sababu lilikuwa la baba.

Kesho Bosco atakuja kwenye basi, na baadhi ya wale waliokusamehe. Nitawaambia mbele yako kwamba hawakuwa na la kukusamehe. Sitakuomba chochote pale, ili usilazimike kunijibu kwa sababu ya macho ya watu. Ukinipa mkono nitaushika. Usiponipa, panda basi, nami nitaelewa. Na kama utakaa mwezi au mwaka bila kunipigia simu, mpigie mama yako, atanipa salamu akitaka.

Lakini jambo moja nakuomba, na hili si kwa ajili yangu. Ukifika kazini, kabla hujashika mtungi wowote, nenda kwa mkubwa wako umwambie kwamba ulichoeleza siku ile hakikuwa kweli, ingawa wewe ulidhani ni kweli. Mwambie mtungi ulikuwa umepitwa na umri wake, uliangushwa kwenye mawe, nyuzi zikakatika, ukajazwa mastiki na kupakwa rangi ili pasionekane. Atakuuliza ni nani aliyefanya ujinga kama huo. Usiseme ni fundi mmoja wa Gisenyi. Umebeba jina la kosa langu muda mrefu wa kutosha. Sema ni baba yako, na unitaje jina.

Sadi Hakizimana